Ushahidi Unaotoweka Kabla ya Adhuhuri

Kila polisi aliyepata kusimamia gwaride la utambulisho anafahamu kwamba nguo zinazofanana hazimthibitishi mtu. Ni sura na alama za mwili zinazomtenga mhusika na wenzake. Kanuni hiyo hiyo inatawala kazi ya wataalamu wanaoainisha mimea, na inadhihirika vyema katika ukoo uitwao Komelinasia.

Ukoo huo si mgeni kwetu. Ndimo yalimo yale majani mororo, yenye shina la vifundo na maji mengi, yatambaayo mashambani na kando ya mitaro huku yakitoa maua madogo ya buluu. Wakikuyu huyaita mukengeria. Duniani pote ukoo huu una aina zaidi ya 600, katika jamii zipatazo 40.

Mtaalamu wa Sweden, Linnaeus, ndiye aliyeipa jamii moja jina la Commelina katika karne ya 18. Aliona ua lina petali mbili kubwa na moja dhaifu, akaikumbuka familia ya Commelin ya Uholanzi: wawili walisifika kwa elimu ya mimea, na wa tatu alifariki kabla hajatimiza lolote.

Tatizo la ukoo huu ni kwamba ushahidi wake haudumu. Ua hufunguka kwa saa chache tu, kisha hunywea na kuwa ute. Mmea ukikaushwa kati ya karatasi, kama ilivyo desturi, petali hupotea. Mtaalamu anayehukumu kwa kielelezo kikavu ni sawa na mpelelezi aliyefika baada ya mvua kufuta nyayo.

Kwa sababu hiyo kazi ya Robert Faden, wa Taasisi ya Smithsonian ya Marekani, inastahili heshima. Katika miaka ya 1970 alikusanya mimea hii nchini Kenya, akaichunguza ingali hai. Mwaka 1991 yeye na David Hunt wa Uingereza walitoa mpango mpya wa kuupanga ukoo mzima, wakitumia hata alama zisizoonekana kwa macho, kama vile vimiba vya chavua. Mwaka 2012 kikatoka kitabu chake juu ya aina za Uganda, Kenya na Tanzania.

Faida yake kwa mkulima ni kubwa. Aina iitwayo Commelina benghalensis huzaa pia maua chini ya ardhi, yasiyofunguka kamwe, na humo hutunza mbegu. Vipande vyake vilivyokatwa kwa jembe huota tena. Si ndugu zake wote wenye hila hiyo. Asiyewatofautisha atapalilia leo, na kesho atamkuta adui yule yule shambani.

Basi, iwe ni msituni au mahali pa uhalifu, anayetaka ukweli hana budi kuwahi. Wahenga walikwisha kutuonya: chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.