Fahamu: Kwa nini watu wazima wenye usonji hukosa kazi za kudumu

Nchini Uingereza, ripoti ya mwanasiasa Robert Buckland iliyotolewa Februari 2024 ilieleza kuwa watu takribani 3 tu kati ya 10 wenye usonji, walio katika umri wa kufanya kazi, ndio walioajiriwa.

Kikwazo cha kwanza ni usaili. Msaili humpima mtu kwa namna anavyomtazama machoni na anavyojibu swali lisilo na mipaka kama "hebu jieleze". Uwezo wa kukagua hesabu au kuandika programu za kompyuta, ambao ndio unaotafutwa, hauguswi. Specialisterne, kampuni iliyoanzishwa Denmark mwaka 2004 na Thorkil Sonne, baba wa mtoto mwenye usonji, iliacha njia hiyo. Waombaji walipewa kazi za vitendo, zikiwamo za kuunda roboti za Lego.

Kudumu kazini ni mtihani mwingine, na kwangu ndio mkubwa zaidi. Bosi anasema, "Nimalizie ripoti mapema." Mapema ni lini? Aandike: "Ijumaa, saa 6 mchana." Zamu ikibadilika, mfanyakazi ajulishwe mapema. Akihitaji hedifoni za kuzuia kelele, aachwe azivae. Hakuna gharama kubwa hapo.

Tanzania, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge asilimia 3 ya ajira kwa watu wenye ulemavu. Mwajiri, unapojaza nafasi hizo, mfikirie pia yule ambaye ulemavu wake hauonekani kwa macho.