Kufuata Chai Mpaka London

Katika Nyansiongo, kama katika Borabu yote, siku ya kuchuma chai huanza mapema, umande ungali juu ya majani. Majani mawili na chipukizi lake hutiwa kikapuni, hupelekwa kituoni kupimwa, kisha lori huyachukua mpaka kiwandani. Mkulima hupewa karatasi ya kilo zake, na baada ya hapo hasikii tena habari za majani yale. Ajua kwamba chai kavu hupelekwa Mombasa, ambako mnada umekuwa ukifanyika tangu 1969, na kwamba meli huichukua kuipeleka ng'ambo. Waliokwenda kutazama mwisho wa safari hiyo ni wachache mno.

Siku hizi jambo hilo si ndoto. Watoto wa Wagusii wako Uingereza, wengine masomoni na wengine kazini, nao hupenda kuwaita wazazi wao. Bonasi ya chai, ambayo kwa kawaida hulipwa mnamo Oktoba, ikiwekwa akiba kwa miaka kadhaa yaweza kununua tiketi mbili za ndege. Yafaa ziwe mbili, si moja. Mwaka 1902 Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, alikwenda London pamoja na karani wake Ham Mukasa kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, na Mukasa akaandika kitabu kizima juu ya waliyoyaona. Wake zao walibaki nyumbani wakingoja kusimuliwa. Safari ya chai isifanywe hivyo, maana mara nyingi nambari ya mkulima imeandikwa kwa jina la mume, hali mikono inayochuma ni ya mke.

Viza huombwa mapema, na mwombaji hutakiwa kutia alama za vidole. Ndege hutoka Nairobi na kufika London kwa muda wa saa nane au tisa. Watu wa Nyansiongo wamezoea baridi ya milimani, lakini baridi ya London mwezi wa Novemba ni ya namna nyingine, na jua huzama kama saa kumi na robo, wakati ambapo ng'ombe wa Borabu wangali malishoni. Kadhalika ijulikane kwamba tangu 2014 mabasi ya mji ule hayapokei fedha taslimu. Nauli hulipwa kwa kadi. Chini ya ardhi hupita magari moshi yaliyoanza kazi 1863, ya kwanza ya namna hiyo duniani. Katika ngazi zinazokwenda zenyewe, asiye na haraka husimama upande wa kulia. Mgeni asiyejua sheria hiyo hujifunza kwa kusukumwa.

Siku nne zatosha, asiyetaka kuona kila kitu. Siku ya kwanza ni ya Westminster: Bunge, kanisa kuu ambamo wafalme hutawazwa, na ule mnara wa saa ambao kengele yake huitwa Big Ben. Kutoka hapo, kwa mwendo mfupi kupitia bustani ya St James's, wageni waweza kufika Lancaster House. Ni nyumba ya serikali, na kwa kawaida hutazamwa kwa nje tu. Hata hivyo, mtu wa Borabu atasimama mbele yake kuliko mbele ya jumba lolote la mfalme. Humo ndimo ilimofanyika mikutano ya katiba ya Kenya katika 1960, 1962 na 1963. Ni katika miaka hiyo hiyo mashamba ya walowezi ya Borabu, ambayo Mgusii aliingia kama kibarua tu, yalipoanza kugawiwa wenyeji. Bila mabadiliko hayo, chai ya Nyansiongo isingekuwa na wenyewe wa kuifuata.

Kuhusu chakula, wengi huogopa kwamba watakufa njaa bila ugali. Hofu hiyo ni bure. Sokoni Brixton unga hupatikana, na mboga za kiafrika pia. Lakini haifai kusafiri mbali hivyo ili kula cha nyumbani. Samaki na viazi vya kukaanga, vilivyonyunyizwa siki na kufungwa katika karatasi, ni chakula cha watu wote. Maduka yake yalianza katika miaka ya 1860. Soko la Borough, karibu na London Bridge, lina jibini, mikate na nyama za kila aina, na kutazama hakulipiwi. Mwenye moyo mkuu ajaribu mikunga ndani ya rojo iliyoganda, chakula cha zamani cha watu wa mashariki ya mji. Mume akionja na mke akikataa, au kinyume chake, habari hiyo itasimuliwa Nyansiongo miaka mingi.

Siku ya tatu wapande mashua katika mto Thames mpaka Greenwich. Huko imewekwa merikebu ya tanga iitwayo Cutty Sark, iliyoshushwa majini Novemba 1869 kwa biashara ya chai ya China. Shehena yake ya kwanza ya chai ilikuwa zaidi ya ratili milioni moja. Lakini siku chache tu kabla ya merikebu hiyo kushushwa, Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa. Meli za moshi zikapata njia fupi, na kabla ya miaka kumi kupita Cutty Sark ikaacha kabisa kubeba chai. Iliungua moto 2007, ikatengenezwa, ikafunguliwa tena 2012. Sasa imeinuliwa, na watu hutembea chini ya tumbo lake.

Siku ya mwisho waende njia iitwayo Strand, nambari 216, katika duka jembamba la Twinings, ambalo limeuza chai tangu 1706. Juu ya mlango amelala simba wa rangi ya dhahabu kati ya sanamu za Wachina wawili. Mchumaji wa Kenya hakuwekwa, ingawa leo sehemu kubwa ya chai inywewayo Uingereza hutoka Kenya.

Kisha waketi katika mkahawa wa kawaida. Wataletewa mfuko mdogo ndani ya maji ya moto, na maziwa baridi kando. Mke aliyezoea kuchemsha chai na maziwa pamoja katika sufuria ataiona kuwa haijaiva. Ainywe polepole, afanye hesabu. Kilo moja ya majani mabichi hutoa karibu gramu 220 za chai kavu. Mfuko mmoja una gramu kama mbili na nusu, kwa hiyo kilo ile hutoa vikombe 88. Kikombe kimoja London huuzwa pauni mbili au zaidi, na katika 2025 pauni moja ilipita shilingi 150 za Kenya. Mkulima, kwa kilo nzima, huhesabu makumi machache ya shilingi.

Ni kweli kwamba mwenye mkahawa hulipa pango, mishahara na kodi, na kwamba kiwanda, meli, dalali na mchanganyaji wote wana sehemu yao. Majani ya Kenya huchanganywa na ya Assam, Malawi na kwingineko, yakatiwa katika kisanduku chenye jina la mwenye kuyachanganya. Mume na mke wakitafuta dukani hawataona neno Nyansiongo. Wanunue kisanduku kimoja hata hivyo, wakiweke mizigoni.

Kutoka Nairobi gari litapita Narok, Bomet na Sotik. Wakifika nyumbani wachemshe maji, wawaite majirani waliobaki wakichuma, wawape waonje.