Divai ya Rangi ya Chungwa: Siri Iliyomo Katika Ganda la Zabibu

Mtu asikiapo kwa mara ya kwanza kwamba kuna divai iitwayo divai ya chungwa, hudhani mara moja kwamba imetengenezwa kwa maji ya machungwa. Sivyo. Hakuna hata tone la chungwa ndani yake. Divai hiyo hutengenezwa kwa zabibu tupu, tena zabibu nyeupe zile zile zitoazo divai nyeupe ya kawaida. Jina limetokana na rangi yake, ambayo huanzia manjano iliyokolea hadi hudhurungi yenye wekundu. Jina lenyewe ni changa: lilibuniwa mwaka 2004 na mfanyabiashara wa divai wa Uingereza, David Harvey. Kinywaji, hata hivyo, ni cha kale mno, na wenyeji wa Jojia, nchi iliyo kati ya Bahari Nyeusi na milima ya Kaukasi, hukiita divai ya kaharabu.

Swali la kisayansi ni hili: ikiwa zabibu ni zile zile na hamira ni ile ile, kwa nini divai moja iwe nyeupe na laini, na nyingine iwe na rangi ya kaharabu, ukakasi kama wa chai ya rangi iliyokolea, na harufu ya matunda yaliyokauka?

Tofauti ni ganda

Mtu akimenya zabibu nyekundu ataona kwamba nyama ya ndani, kwa karibu aina zote, haina rangi. Wekundu wote umo katika ganda. Kwa sababu hiyo divai nyekundu huchachushwa pamoja na maganda, ili rangi ipate kutoka na kuingia katika maji ya zabibu. Divai nyeupe hufanywa kinyume chake: zabibu hukamuliwa upesi, maganda na kokwa huondolewa, na maji matupu ndiyo yachachukayo.

Divai ya kaharabu imechukua zabibu za njia moja na kanuni ya njia nyingine. Zabibu ni nyeupe, kama zile za aina ya Chenin Blanc zilimwazo hata Dodoma, lakini huachwa zichachuke pamoja na maganda yake kama kwamba ni nyekundu. Maganda hukaa ndani ya maji kwa siku kadhaa, na katika nchi ya Jojia hata kwa miezi mitano au sita. Kile ambacho mtengenezaji wa divai nyeupe hukitupa, mtengenezaji wa divai ya kaharabu hukitunza.

Mtungi uliofukiwa ardhini

Katika jimbo la Kakheti, mashariki mwa Jojia, kazi hii hufanywa kwa mtungi mkubwa wa udongo uitwao kwevri. Umbo lake ni kama la yai lililochongoka chini, na mingi huchukua lita elfu moja au zaidi. Mtungi huchomwa tanuruni, hupakwa nta ya nyuki kwa ndani, kisha hufukiwa ardhini hadi shingoni.

Wakati wa mavuno zabibu hupondwa, na maji, maganda, kokwa, na mara nyingi hata vikonyo, hutiwa vyote mtunginï. Hakuna haja ya kuongeza hamira, kwa maana hamira za asili zimo tayari katika maganda na katika nyumba ya kutengenezea divai. Viumbe hivi vidogo hula sukari ya zabibu na kuigeuza kuwa alkoholi na gesi ya kabonidayoksaidi. Takriban gramu 17 za sukari katika kila lita hutoa asilimia moja ya alkoholi. Kwa hiyo maji yenye gramu 204 za sukari kwa lita yaweza kutoa divai ya asilimia 12.

Gesi ipandapo huyainua maganda na kuyakusanya juu kama kifuniko kizito. Maganda hayo yakiachwa yakauke hewani, bakteria wa siki huyashambulia na divai yote yaweza kuharibika. Kwa hiyo mtengenezaji huyasukuma chini kwa mti mara kadhaa kila siku. Uchachukaji ukiisha, gesi hukoma na maganda huzama yenyewe. Ndipo mtungi hujazwa, hufunikwa, huzibwa kwa udongo, na kuachwa hadi majira ya kuchipua.

Umbo na mahali pa mtungi vina maana. Uchachukaji hutoa joto, na joto likizidi nyuzi 35 hivi hamira huanza kudhoofika. Udongo uliouzunguka mtungi hulipokea joto hilo na kulisambaza. Aidha, kokwa, ambazo zina ukakasi mkali kuliko maganda, hushuka hadi kwenye ncha ya chini na kufunikwa na mashapo ya hamira zilizokufa. Hivyo divai hukaa miezi mingi pamoja na maganda bila kuchukua ukali wote wa kokwa.

Ladha yatoka wapi?

Jambo la kwanza ni tanini. Hizi ni kemikali ambazo mimea huziweka katika maganda, kokwa na majani. Alkoholi iongezekapo mtungini, husaidia kuziyeyusha. Tanini ziingiapo kinywani hushikamana na protini za mate, ambazo kazi yake ni kuulainisha ulimi. Protini zikishikwa, ulimi hukosa utelezi na kinywa huhisi kikavu. Huo ndio ukakasi, na kila aliyewahi kuuma ndizi mbichi au bibo la mkorosho anaujua. Kwa kweli ukakasi si ladha kama utamu au uchungu, bali ni hisia ya mguso.

Jambo la pili ni harufu. Sehemu kubwa ya kile kiitwacho ladha huhisiwa na pua. Katika maganda ya aina fulani za zabibu mna kemikali za harufu zilizofungwa kwa molekuli za sukari, nazo katika hali hiyo hazinukii. Wakati wa uchachukaji na baada yake, vimeng'enya na asidi huvunja kifungo hicho kidogo kidogo, na harufu huachiliwa.

Jambo la tatu ni oksijeni. Hewa kidogo hupenya udongo wa mtungi na kuunguliana na kemikali za ganda polepole. Badiliko hilo ni ndugu wa lile lionekanalo bilinganya likikatwa na kuachwa mezani: weupe hugeuka hudhurungi. Hapo ndipo rangi ya kaharabu itokeapo, pamoja na harufu inayofanana na asali, njugu na matunda makavu. Hata hivyo, hewa ikizidi, divai huharibika. Tanini zenyewe huipokea sehemu ya oksijeni na kuilinda divai, ndiyo maana divai hii yaweza kuhifadhiwa kwa dawa kidogo kuliko divai nyeupe.

Hatari isiyoonekana

Lita moja ya maji ya zabibu yenye gramu 200 za sukari hutoa takriban lita 50 za kabonidayoksaidi, hesabu ambayo mwanafunzi wa kemia aweza kuihakikisha mwenyewe. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, tena ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama mashimoni. Aingiaye ndani ya mtungi kuusafisha bila kwanza kuingiza hewa safi aweza kuzirai na kufa kabla ya kuitambua hatari. Onyo hili lahusu pia visima, maghala ya nafaka na mashimo ya kinyesi cha mifugo yaliyofungwa.

Ufundi ulioponea chupuchupu

Mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba vigae kutoka Gadachrili Gora na Shulaveris Gora, kusini mwa Tbilisi, vina mabaki ya asidi ya tartari, ambayo ni alama ya zabibu. Vigae hivyo ni vya miaka ya 6000 hadi 5800 K.K. Hata hivyo, katika enzi ya Muungano wa Kisovyeti viwanda vikubwa vya serikali vilifuata njia nyingine, na mitungi ikabaki hasa majumbani mwa wanavijiji. Ufundi huo ungeweza kutoweka pamoja na wazee walioujua.

Haukutoweka. Mwaka 2000 Josko Gravner, mtengenezaji wa divai wa Oslavia huko Italia, alizuru Jojia, na mwaka uliofuata akaanza kuchachusha zabibu zake katika mitungi ya namna hiyo. Mwaka 2013 UNESCO iliuingiza ufundi huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wanavijiji hawakujua majina ya tanini wala vimeng'enya, lakini walijua lini pa kusukuma maganda na lini pa kuziba mtungi. Kemia ya leo imeeleza sababu. Kazi ilikuwa imekwisha kufanywa.

Jaribio la darasani

Somo hili laweza kuonyeshwa bila divai. Mwalimu aandae vikombe vitatu vya chai isiyo na sukari. Cha kwanza majani yakae dakika 1, cha pili dakika 10, na cha tatu dakika 10 kisha kitiwe maziwa. Wanafunzi walinganishe rangi na ukakasi. Kikombe cha pili kitakuwa na rangi nzito na kukausha kinywa, kwa sababu majani yamepewa muda wa kutoa tanini. Cha tatu kitakuwa laini, kwa maana tanini zimeshikamana na protini za maziwa badala ya zile za mate. Atakayeeleza tofauti ya vikombe hivyo vitatu amekwisha kuelewa kwa nini ganda, likipewa muda, huigeuza divai nyeupe kuwa kaharabu.