Lisbon: Vilima, Mto Tejo na Dhahabu ya Kilwa

Lisbon, mji mkuu wa Ureno, umekaa juu ya vilima vinavyoutazama mto Tejo mahali unapopanuka na kuingia bahari ya Atlantiki. Mto huo ndio ulioulea mji. Warumi walikaa hapa. Waislamu kutoka Afrika ya Kaskazini wakautawala tangu karne ya 8. Na mwaka 1147 mfalme Afonso Henriques akauteka kwa msaada wa wapiganaji wa vita vya msalaba waliokuwa safarini kwenda Nchi Takatifu. Tangu karne ya 13 umekuwa makao makuu ya Ureno. Vivutio vyake vimetapakaa kwenye vilima na kando ya mto, na mgeni anayevifuata kwa mpangilio wa historia huondoka na mengi kuliko anayekimbizana na picha.

Pa kuanzia ni juu, kwenye ngome ya São Jorge. Kuta zake zilianzia enzi ya Waislamu, kisha wafalme wa Ureno wakazifanya makao yao. Leo ndani yake hutembea tausi, na kutoka kwenye minara mtu huona mapaa mekundu ya mji mzima, mto, na daraja refu la chuma lililofunguliwa mwaka 1966. Chini ya ngome upo mtaa wa Alfama, wa kale kuliko yote. Vichochoro vyake hujipinda, hupanda ngazi na kuishia ghafla mlangoni kwa mtu, na anayekijua Kisiwa cha Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar hatajiona mgeni sana. Nguo huanikwa madirishani. Usiku, katika vyumba vidogo vya kulia chakula, huimbwa fado, muziki wa huzuni unaoandamana na gitaa la Kireno. Taa hupunguzwa, na hadhira hunyamaza kimya mpaka wimbo uishe. UNESCO iliutambua muziki huu kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2011.

Tramu namba 28, ya rangi ya manjano na yenye mabenchi ya mbao, hupita katikati ya mitaa hii ya zamani. Ni usafiri wa wakazi, si mchezo wa watalii tu, kwa hiyo ni vyema kuipanda asubuhi na mapema na kuwapisha wazee viti. Mikoba ishikwe mbele, maana wezi wa mifukoni wanaipenda pia.

Ukishuka kutoka Alfama hadi eneo la Baixa, sura ya mji hubadilika mara moja: mitaa imenyooka, majengo yanalingana kimo. Sababu yake ni msiba. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, yapata saa tatu na dakika arobaini asubuhi, watu wakiwa wamejaa makanisani, ardhi ilitetemeka. Waliokimbilia ukingo wa mto wakakutwa na mawimbi ya tsunami, na mishumaa ya sikukuu ikasaidia kuwasha moto uliounguza mji kwa siku kadhaa. Walikufa maelfu kwa maelfu. Jumba la mfalme lililokuwa kando ya mto lilipotea pamoja na maktaba yake.

Waziri Sebastião José de Carvalho e Melo, aliyekuja kuitwa Marquês de Pombal, ndiye aliyeongoza ujenzi mpya. Wahandisi wake waliweka ndani ya kuta fremu za mbao zilizokingamana, ili nyumba iyumbe bila kuanguka, na inasimuliwa kwamba kielelezo cha nyumba hizo kilijaribiwa kwa askari kupiga gwaride kukizunguka. Ni miongoni mwa majaribio ya kwanza Ulaya ya kujenga kwa kulikabili tetemeko. Mahali pa jumba la mfalme pakabaki uwanja mpana, Praça do Comércio, uliofunguka kwenye mto. Hapo hapo, Februari 1908, mfalme Carlos na mwanawe mrithi waliuawa kwa risasi.

Mlimani juu ya Baixa kuna kanisa la Carmo, ambalo halikuezekwa tena baada ya tetemeko hilo. Matao yake yamesimama wazi chini ya anga, na mvua hunyesha pale waumini walipokuwa wakipiga magoti. Kiwanja kilicho mbele yake kina historia nyingine inayoigusa Afrika moja kwa moja. Tarehe 25 Aprili 1974 wanajeshi waliochoshwa na vita vya makoloni waliizingira kambi iliyo kiwanjani hapo, na waziri mkuu Marcelo Caetano akasalimu amri. Mwaka mmoja baadaye Msumbiji ikapata uhuru chini ya FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Watalii wengi hupita Carmo wakielekea kwenye lifti ya chuma ya Santa Justa, ya mwaka 1902, bila kujua wamekanyaga wapi.

Belém iko upande wa magharibi, mwendo mfupi kwa tramu au treni. Hapa ndipo baharia Vasco da Gama alipong'oa nanga Julai 1497. Aprili iliyofuata alikuwa Mombasa, ambako hakupokewa vyema, kisha Malindi, ambako alipewa mwongozaji wa kumvusha hadi India. Biashara iliyofuata ndiyo iliyogharimia monasteri ya Jerónimos: mfalme Manuel I alitenga kodi ya asilimia tano ya bidhaa zilizotoka Afrika na mashariki, na kazi iliyoanza mwanzoni mwa karne ya 16 ikachukua takriban miaka mia moja. Mawe meupe ya chokaa yamechongwa kamba, mafundo, matumbawe na viumbe vya baharini, kana kwamba jengo zima limeopolewa majini. Karibu na mlango wa kanisa lipo kaburi la Gama, lenye sanamu yake akiwa amelala na mikono ameikutanisha kifuani. Upande wa pili analala mshairi Luís de Camões.

Mnara wa Belém, uliojengwa kati ya mwaka 1514 na 1519 kuulinda mlango wa mto, uko jirani. Mnara na monasteri viliingizwa pamoja katika Urithi wa Dunia mwaka 1983. Kati ya hivyo viwili umesimama mnara wa kuwatukuza mabaharia, uliojengwa kwa saruji na mawe mwaka 1960. Huo ni sauti ya serikali ya kikoloni iliyoujenga: unasimulia safari, haumsimulii aliyefikiwa.

Aliyefikiwa anapatikana kwingine, katika Jumba la Taifa la Sanaa ya Kale. Ndani ya kabati la kioo imewekwa monstransi ya Belém, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, chenye kimo cha sentimita zipatazo 73. Ni cha dhahabu. Mitume kumi na wawili, mavazi yao yamepakwa enameli za rangi, wamepiga magoti kuizunguka Hostia. Juu yao amening'inia njiwa mdogo mweupe. Kwenye ukingo wa kitako yamechorwa maandishi yanayoeleza kwamba mfalme Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya ushuru wa Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506. Dhahabu hiyo aliilipa Amir Ibrahim wa Kilwa mwaka 1502, mizinga ya Gama ikiuelekea mji wake. Miaka mitatu baadaye Wareno walirudi, wakaiteka Kilwa na kuiteketeza Mombasa. Ufundi wa kitu hiki ni wa hali ya juu kabisa, na msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana haki ya kukitazama kwa fahari na uchungu pamoja. Kama mgeni ana nafasi ya kuona kitu kimoja tu Lisbon, na kiwe hiki.

Mwenye siku ya ziada asikose Makumbusho ya Vigae, ambako ukuta wa vigae wenye urefu wa mita 23 hivi unaonyesha mji ulivyokuwa kabla ya 1755. Wenye watoto watapenda jumba la samaki la Oceanário, lililofunguliwa kwa maonyesho ya Expo ya mwaka 1998.

Njia za Lisbon zimesakafiwa kwa mawe madogo yanayoteleza mvua ikinyesha, kwa hiyo viatu vyenye soli ya kushika ni muhimu kuliko vya kupendeza. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, na majengo ya kale hufungwa mara kwa mara kwa matengenezo. Hakikisha kwanza kwamba unayotaka kuyaona yako wazi, ndipo ulipie tiketi.