Je, Wajua? Tramu ya Helsinki na Treni ya Kigoma, Reli Upana Mmoja!

Je, wajua kuwa tramu (treni ndogo za mitaani) za Helsinki, mji mkuu wa Finland, zinatembea juu ya reli yenye upana uleule wa reli ya zamani ya Kigoma? Milimita 1,000, mita moja kamili, chuma hadi chuma! Wewe unayesubiri mchomoko hapo Mtendeli uende Kibondo mjini, ukitaka kuona njia ya tramu ya Ulaya ilivyo pana, huna haja ya pasipoti. Teremka Kigoma stesheni ukapime.

Subiri, bado. Treni kubwa za Finland hazitumii upana huo hata kidogo. Zinatumia milimita 1,524, kwa sababu njia za kwanza zilijengwa wakati Finland ikiwa chini ya Urusi. Tramu tu ndizo ndugu wa treni yetu.

Na Tanzania? Tuna upana wa aina tatu ndani ya nchi moja! Reli ya Kati ni milimita 1,000, TAZARA ni 1,067, na reli mpya ya kisasa, SGR, ni 1,435. Kati ya Reli ya Kati na TAZARA tofauti ni milimita 67, yaani vidole vinne vya mkono wako. Lakini vidole hivyo vinne vinatosha kulizuia behewa: mzigo ukifika Kidatu, zinapokutana reli hizo mbili, lazima uhamishwe.

Hapohapo Kidatu, shika na hili. Bwawa la umeme la Kidatu lilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Sweden, na mitambo yake ina uwezo wa megawati 204. Umeme wake unaingia gridi ya taifa, gridi hiyohiyo inayoivuta treni ya SGR kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma. Na ule upana wa SGR, 1,435, ndio wanaotumia treni za Stockholm, Oslo na Copenhagen!

Unajua reli ilifika Kigoma lini? Februari 1914! Wajerumani walianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, kisha ziwani. Kilomita kama 1,250 kwa miaka tisa, na kazi kubwa ikifanywa na mikono ya Waafrika wenye majembe na sululu. Miezi michache baadaye Vita Kuu ya Kwanza ikalipuka.

Sasa kaa vizuri, maana hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande na kufungwa kwenye masanduku kama 5,000! Masanduku yakavuka bahari hadi Dar es Salaam, yakapanda reli kuja Kigoma, mafundi wakaiunganisha upya msumari kwa msumari. Februari 1915 ikashushwa majini ikiitwa Graf von Goetzen.

Haikukaa. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili adui asiipate, lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, wakafuta grisi, na mitambo bado ilikuwa nzima! Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Na Mei 2015, ikiwa imeshapita miaka 100, Liemba hiyohiyo ilikuwa inabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kuwaleta Kigoma, mamia kwa safari moja. Kutoka bandarini walipandishwa mabasi kwenda Nyarugusu, kule Kasulu. Nyarugusu ilipofurika, kambi ya Mtendeli ikafunguliwa tena Januari 2016. Kwa hiyo wako waliofika Mtendeli kwa msaada wa meli iliyokuja Kigoma kwa treni!

Wapo pia waliopita kambi za Kigoma na leo wanaishi Norway na Sweden. Siku yao inaweza kuanzia kwenye tramu, ikahamia metro, yaani treni ya chini ya ardhi, ikamalizikia kwenye treni. Twende tukaone wanachokiona.

Je, wajua kuwa Sweden walikuwa wanaendesha magari upande wa kushoto, kama sisi? Mpaka tarehe 3 Septemba 1967, saa 11 alfajiri, nchi nzima ikahamia kulia! Lakini treni na metro hazikuhamishwa. Mpaka leo ukiwa Stockholm, mtaani gari linashika kulia. Shuka ngazi uingie chini ya ardhi, metro inashika kushoto. Mtu wa Kibondo akifika huko, ajisikie nyumbani chini ya ardhi!

Metro ya Stockholm ina stesheni 100, na zaidi ya 90 zimepambwa kwa michoro, sanamu na vigae. Baadhi zimeachwa na mwamba wenyewe, umepakwa rangi tu. Stesheni ya Solna Centrum, dari yote ni nyekundu kama moto! Nauli ya metro, maonyesho ya bure.

Hapo hapo Stockholm kuna stesheni iliyoanza kujengwa na haikufunguliwa kamwe. Inaitwa Kymlinge. Treni zinaipita bila kusimama tangu miaka ya 1970, na wenyeji wana msemo kuwa wanaoshuka Kymlinge ni wafu peke yao!

Unaogopa buibui? Basi usikae sana Kungsträdgården, mita 34 chini ya ardhi. Kuna aina ya buibui mdogo ambaye katika Sweden yote anajulikana kuishi kwenye stesheni hiyo tu! Aliingiaje humo, fikiria mwenyewe.

Haya, Oslo. Metro ya kule haichimbi chini tu, inapanda mlima pia. Stesheni ya juu kabisa, Frognerseteren, iko mita 469 juu ya usawa wa bahari, na majira ya baridi abiria wanaingia kwenye behewa wakiwa wamekumbatia sleji. Wakifika juu wanaketi juu ya sleji, wanateleza kilomita 2 kwenye theluji, wanakuta metro inawasubiri chini, wanapanda tena!

Mita 469, unaona ni juu sana? Maji ya Ziwa Tanganyika yako zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari. Maana yake ni hii: stesheni ya Kigoma, palepale ufukweni, iko juu kuliko kilele cha metro ya Oslo! Na wewe wa nyanda za juu, Kasulu na Kibondo, hata usiulize.

Rudi Helsinki kidogo. Mzazi anayesukuma mtoto kwenye kigari hapandi kwa nauli, anapanda bure! Na metro yao, iliyofunguliwa mwaka 1982, haina geti la kukuzuia mlangoni. Unaingia tu. Ila mkaguzi akikukuta huna tiketi, faini yake utaikumbuka. Tiketi hiyohiyo ya tramu inakuvusha na baharini, kwa kivuko cha kisiwa cha Suomenlinna.

Reli ikiteleza kwa barafu, unajua dereva wa tramu anafanya nini? Anabonyeza, na mchanga mkavu unamwagika kwenye reli mbele ya magurudumu ili yashike! Vichwa vya treni navyo hubeba mchanga kwa kazi hiyo. Siku ukikiona kichwa kimesimama, inama karibu na gurudumu utafute kibomba kinachoelekea kwenye reli. Ndicho hicho.

Copenhagen, mji mkuu wa Denmark: metro yao haina dereva tangu ilipofunguliwa mwaka 2002! Inatembea saa 24, usiku na mchana, na watoto wanagombea kiti cha mbele kabisa waone handaki linavyokuja. Kwenye treni zao za mjini baiskeli inapanda bure tangu 2010. Baiskeli, ndugu yangu! Hebu fikiria Kasulu, tunavyozipakia ndizi.

Lakini tramu zao waling'oa. Ya mwisho ilizimwa Aprili 1972, na tramu karibu 100 zikauzwa. Zikaenda wapi? Alexandria, Misri! Zikatoka kwenye theluji zikaja kubeba Waafrika, kwenye mji ambao reli yake ya mjini ilianza miaka ya 1860.

Umeshangaa Afrika kuwa na tramu? Mombasa ilikuwa nazo mwanzoni mwa karne ya 20, na hazikuhitaji moshi wala umeme. Ni kiti chenye paa la turubai, magurudumu manne, reli nyembamba ya sentimita 61, na watu wawili wanaokimbia nyuma wakisukuma! Bwana mkubwa alikaa kivulini, jasho likawa la wengine. Reli zenyewe zilitokana na mradi wa mwaka 1890 wa kwenda bara, uliokwama baada ya kilomita chache tu.

Zanzibar iliitangulia Mombasa. Sultani Barghash alianza kutandika reli mwaka 1879, kutoka mjini hadi kasri lake la Chukwani, na mabehewa yalivutwa na nyumbu kabla kichwa cha moshi hakijaletwa! Mwaka 1905 Wamarekani wakafungua nyingine, kilomita 11 kwenda Bububu, ikipita katikati ya mitaa ya mji.

Na Dar es Salaam? Oktoba 2012 treni za mjini zilianza kubeba wafanyakazi asubuhi na jioni, na wananchi wakazibatiza papo hapo: treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Leo kuna treni ya mchongoko ya SGR, mwendo wa kilomita 160 kwa saa! Safari ya Dodoma iliyokuwa inameza siku nzima sasa ni kama saa tatu na nusu. Treni ya uwanja wa ndege ya Oslo inafika kilomita 210 kwa saa, kwa hiyo bado tuna wa kumfukuza.

Mkataba wa SGR kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Mimi naihesabia siku hiyo reli.

Mji mkuu mmoja wa kaskazini nimeuacha makusudi. Reykjavik, Iceland, hauna tramu, hauna metro, hauna treni! Nchi nzima haina reli ya abiria. Ilikuwa na vichwa viwili vya moshi tu, vilivyovuta mawe ya kujenga bandari kati ya 1913 na 1917, na vyote viwili bado wanavitunza.

Jirani yetu Burundi naye hana hata kilomita moja ya reli. Ila mwaka 2025 jiwe la msingi liliwekwa kwa SGR ya kutoka Uvinza, huku kwetu Kigoma, hadi Musongati. Treni ya kwanza itakayoingia Burundi itatokea mkoani kwetu!