Osotua haina daftari

Kajiado ni Olkejuado, mto mrefu. Ongata Rongai ni uwanda mwembamba. Majina kama hayo ya Kimaasai hayamsumbui mfasiri. Shida huanza akifika kwenye osotua.

Asili yake ni kitovu, kile kinachomfunga mtoto na mamaye tumboni. Huwa pia amani, huwa agano: kwenye Biblia ya Kimaasai, Agano Jipya ni Osotua Ng'ejuk. Lakini mfugaji wa Isinya au Bisil akisema ana osotua na fulani, ana maana kwamba akikwama ataomba kwake, na siku mwenzake akikwama ataombwa yeye. Unaomba ukiwa na shida ya kweli, tena kwa kadiri ya shida. Anayeombwa hutoa alichoombwa, mradi naye asibaki taabani. Hakuna anayeandika. Deni lina neno lake, esile, na mbuzi wa osotua si esile. Ukimtafsiri kuwa mkopo, umemfanya mwenzako mdai.

Uhusiano huu waweza kuanza na mnyama mmoja tu, kisha watoto wakaurithi. Waliopeana mbuzi huacha kuitana majina yao, wakaitana pakine, kutokana na enkine, mbuzi. Wa kondoo ni paker, wa ng'ombe pakiteng.

Mwanaanthropolojia Mmarekani Lee Cronk alilijaribu neno hili kwa Wamaasai wa Mukogodo, Laikipia, akachapisha matokeo mwaka 2007. Mchezo wenyewe ni wa pesa: unamtumia mtu usiyemjua sehemu ya fungu lako, inazidishwa mara tatu, naye anakurudishia apendacho. Baadhi waliambiwa huo ni mchezo wa osotua, wengine hawakuambiwa lolote. Mimi ningebashiri kwamba neno hilo lingefungua mikono. Wapi! Waliolisikia walitoa kidogo zaidi, tena wakatarajia kurudishiwa kidogo. Ukizijua kanuni, huoni ajabu: pale hapakuwa na mwenye shida, na osotua si mahali pa kuzalishia faida. Ndiyo maana zile orodha za maneno "yasiyotafsirika" hunichosha. Maana ya kamusi hupatikana kwa sentensi moja. Mwenendo unaoandamana na neno ndio unaobaki nyuma.

Waswahili nasi tuna kitovu chetu: husema kwetu ni pale kilipozikwa, tukamfunga mtu na ardhi. Mfugaji anayefuata mvua alihitaji kufungwa na watu, maana mvua ya Kajiado hunyesha kwa mabaka, huku imemwagika, kule vumbi.

Siku hizi Kitengela ni ploti na nyaya. Ranchi ya pamoja iligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, kila mwenye hati akabaki na kipande chake. Ukame ukija, mwenye ng'ombe hukuta malisho ya jirani yana lango na kufuli. Vyama vya akiba navyo vimejaa mjini, kila kimoja na katibu wake, kitabu chake na faini ya anayechelewesha mchango. Huko, esile ndilo neno linalofaa.