Mfupa Unapoziba Njia ya Macho

Mtoto ana miezi mitatu na bado hafuati uso wa mama yake. Macho yanachezacheza, hayatulii. Ukimulika jicho lenyewe unaweza usione kasoro, maana tatizo liko nyuma yake, kwenye mfupa wa fuvu.

Mfupa hai hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Wabomoaji ni seli ziitwazo osteoklasti, ambazo humwaga asidi na kuyeyusha mfupa wa zamani. Katika osteopetrosisi, ugonjwa alioueleza daktari wa eksirei wa Hamburg, Heinrich Albers-Schönberg, mwaka 1904, wajenzi wanaendelea na kazi lakini wabomoaji wamegoma. Mfupa hunenepa, ukaonekana mweupe pepepe kwenye picha, na bado huvunjika kwa urahisi. Uboho hukosa nafasi, damu hupungua, ini na wengu huvimba. Ule mfereji mwembamba unaopitisha neva ya jicho kwenda kwenye ubongo nao haupanuki mtoto anapokua. Neva hubanwa hadi inakufa.

Aina kali humpata takriban mtoto 1 kati ya 250,000. Baba na mama hubeba jeni yenye kasoro bila kuumwa, na kila mimba yao ina uwezekano wa robo wa kuzaa mtoto mgonjwa. Si chakula, si laana, wala si kosa la mama, ambaye ndiye hulaumiwa kwanza.

Tumaini lilitokana na kugundua kwamba osteoklasti huzaliwa kutokana na seli za uboho. Mwaka 1980 madaktari wa Marekani waliripoti habari za binti wa miezi mitano aliyepandikizwa uboho wa kaka yake. Mifupa yake ilipochunguzwa, wabomoaji walikuwa na kromosomu za kiume. Walikuwa wa kaka, na walikuwa kazini!

Lakini uoni uliokwisha kupotea kwa kawaida haurudi. Uboho mpya huokoa uoni uliobaki. Tena, yapo mabadiliko ya jeni, kama yale ya OSTM1, ambayo huharibu ubongo na retina moja kwa moja, na hapo upandikizaji hausaidii. Ndiyo maana jeni hupimwa kwanza.

Mzazi, macho yasiyotulia yakiambatana na weupe wa viganja, pua inayoziba kila mara na tumbo lililojaa, usikubali kuambiwa usubiri mtoto akue. Omba kipimo cha damu na picha ya eksirei wiki hiyo hiyo.